Tambi za Bonde la Wafalme

Miongoni mwa kazi za karani wa kaburi la farao ilikuwamo ya kuhesabu matambara. Mafundi walipofika Bonde la Wafalme, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji ambao leo unaitwa Luxor, tambi za taa zilitolewa ghalani: vipande vya kitani kikuukuu vilivyosokotwa na kulowekwa mafuta. Karani aliandika zimetoka ngapi kwa kundi la upande wa kulia, ngapi kwa kundi la upande wa kushoto, ngapi asubuhi na ngapi mchana. Mafunjo yalikuwa ghali mno kwa hesabu kama hizo, kwa hiyo aliokota kibamba cha jiwe la chokaa kilichodondoka kwenye uchimbaji, akachovya kalamu ya tete katika wino, akaandika hapo hapo. Vibamba hivyo vimebaki. Vinasomwa leo, zaidi ya miaka 3,000 baadaye, kama mtu anavyopitia daftari la duka.

Tumezoea kuambiwa kwamba watu wa kale walilala jua likizama na kuamka likichomoza, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Walikesha, walilinda malango, walizalisha wake zao, waliiba, waliomba, waligombana, na wengine walifanya kazi gizani hata jua likiwa utosini. Walichokosa ni mwanga wa bure. Mafuta yaliyowashwa yangeweza kuliwa au kupakwa mwilini; kitani kilichogeuzwa utambi kingeweza kuvaliwa mwaka mmoja zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuujua usiku wao na aanze kwa kuuliza ni nani aliyelipia taa.

Mafundi hao waliishi katika kijiji kinachoitwa leo Deir el-Medina, kwenye bonde kavu lililobanwa kati ya vilima viwili, lisilo na kisima wala shamba. Kijiji kilianza takriban mwaka 1500 KK na kikadumu zaidi ya miaka 400. Kilipofikia ukubwa wake wa mwisho kilikuwa na nyumba kama 68 ndani ya ukuta, zimeshikana pande mbili za kichochoro. Maji yalipandishwa kwa punda. Serikali iliwalisha: fundi wa kawaida alipata kwa mwezi magunia manne ya ngano ya mkate na gunia moja na nusu la shayiri ya pombe, gunia likiwa na ujazo wa lita 77 hivi, nyapara alipata zaidi. Samaki, mboga, kuni, vyungu, hata dobi wa kuwafulia, vilitoka huko huko. Kikosi kilipangwa kama mabaharia wa chombo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kila upande na nyapara wake. Mara nyingi watu wake walikuwa kati ya 40 na 60, ingawa Ramses IV alikipanua hadi 120.

Ni kijiji kidogo, lakini hakuna kijiji cha zama hizo tunachokijua kwa undani kama hiki. Sababu ni kwamba wengi wa wanaume wake walijua kuandika, na vipande vya mawe vya kuandikia vilikuwa vimetapakaa kila mahali, bila bei. Mfaransa Bernard Bruyère alipachimba kuanzia mwaka 1922 hadi 1951 na kutoa maelfu ya vibamba na vigae vyenye maandishi. Mwenzake Jaroslav Černý, mtu wa Chekoslovakia, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuvisoma. Ni yeye aliyezishughulikia hesabu za tambi kwa subira ambayo wengi wetu tusingekuwa nayo, na kutoka kwenye namba hizo kavu akaipata ratiba ya siku. Mgao wa asubuhi ulilingana na wa mchana, au ulikaribiana nao. Akakadiria zamu mbili, kila moja kama saa nne, na mapumziko ya chakula katikati. Ndani ya mwamba hakuna kivuli cha kutazama wala jua la kukisia. Inaelekea utambi wenyewe ndio uliowaambia watu kwamba muda umekwisha.

Taa ilikuwa kitu duni sana. Bakuli la udongo lisilo na urembo, mafuta ndani yake, utambi umeegemezwa ukingoni au kusimamishwa katikati. Anayekumbuka kibatari atakielewa chombo hicho bila maelezo marefu. Mafuta yalikuwa shahamu ya wanyama au mafuta ya mimea. Taa nzuri zaidi walikuwa nazo wakubwa wao. Mwaka 1906 Mwitaliano Ernesto Schiaparelli alifungua kaburi la nyapara wa kijiji hicho aitwaye Kha, aliyezikwa pamoja na mkewe Merit takriban mwaka 1400 KK. Wezi hawakuwahi kulifikia. Karibu na majeneza palisimama kinara cha mbao kilichochongwa kwa umbo la funjo, kirefu kama mtu, na juu yake bakuli la shaba. Ndani ya bakuli bado mlikuwa na mafuta, yapata nusu, na majivu ya utambi. Mtu wa mwisho kutoka kaburini aliiacha ikiwaka. Iliendelea kuwaka ndani ya chumba kilichofungwa mpaka hewa ilipokwisha. Kinara hicho kimo katika jumba la makumbusho la Turin, pamoja na mikate ya Kha, nguo zake za ndani na kipimo chake cha dhiraa.

Lipo swali ambalo kila mtalii huuliza akiinua macho kwenye dari za makaburi ya wafalme: mbona hakuna masizi? Shahamu inayoungua hutoa moshi mweusi, na makaburi hayo yamechorwa kila inchi, meupe na ya buluu, kama yaliyokamilika jana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni chumvi. Inadhaniwa kwamba waliitia kwenye mafuta au kwenye utambi ili moshi upungue. Herodotus, Mgiriki aliyezuru Misri karne ya tano KK, anaeleza kwamba katika mji wa Sais kulikuwa na sikukuu ambayo watu walizunguka nyumba zao kwa taa usiku kucha, vibakuli bapa vilivyojaa chumvi na mafuta, utambi ukielea juu; na wale ambao hawakuweza kusafiri kwenda Sais waliwasha za kwao makwao, hata Misri nzima ikawa inawaka. Wapo wanaopenda zaidi hadithi za vioo vya shaba vilivyorusha miale ya jua kutoka mlangoni hadi vyumba vya ndani kabisa, na wengine wamefika mpaka kwenye umeme. Kioo hakiwezi kupindisha mwanga kwenye ngazi na kona za kaburi lenye urefu wa mita mia moja na zaidi huku vumbi la chokaa limetanda hewani. Na zaidi ya hapo, hesabu za karani zipo. Hakuna serikali inayotunza kumbukumbu za matambara isiyoyatumia.

Ndani humo kazi ilikwenda kwa mfuatano. Waliotangulia walivunja mwamba kwa patasi za shaba, mali ya serikali, zilizopimwa uzito zikitoka na zikirudi butu, ili fundi asibane kipande. Wengine walibeba kifusi nje kwa vikapu. Nyuma yao wakaja wapiga lipu, wakasawazisha kuta. Kisha akaja mchoraji na kamba iliyochovywa rangi nyekundu, akaivuta na kuiachia ili ipige mstari ulionyooka, akagawa ukuta miraba, akachora kwa wekundu. Mkubwa wake akapita na kusahihisha kwa weusi. Halafu mchongaji, halafu mpaka rangi. Katika kaburi la Seti I, lililofunguliwa na Giovanni Belzoni mwaka 1817, kipo chumba ambacho hakikufika hatua ya patasi. Mistari yote miwili bado inaonekana, mwekundu wa mchoraji na mweusi wa mkubwa wake, na mtu anaweza kufuata mahali ambapo bega la mungu lilisogezwa upana wa kidole. Marekebisho kama hayo yalifanywa kwa mwanga wa taa zisizozidi mshumaa kila moja, na aliyeyafanya aliona.

Lakini macho yana kikomo. Mchoraji wa kijiji hicho aitwaye Pay alimwandikia mwanawe Pre-emheb, naye mchoraji, barua fupi. Anamsihi asimwache. Anataka aletewe asali ya kutia machoni, udongo mwekundu uliofinyangwa upya, na wanja ulio wanja kweli. Anamkumbusha kwamba yeye ni baba yake, na kwamba anautafuta uwezo wake wa kuona asiupate. Huenda wanja wa kughushi ulikuwa sokoni, maana mzee anasisitiza aletewe ulio halisi. Kibamba kimoja, cha mwaka wa 40 wa utawala wa Ramses II, ni orodha ya mahudhurio: jina la fundi, siku aliyokosekana kazini, na sababu. Huyu alikuwa anapika pombe. Yule ameumwa na nge. Mwingine anaumwa macho. Tena macho. Vumbi lilichangia, na nzi, na ukame. Ila mtu aliyekaza macho kwenye ukuta unaomulikwa na taa inayopepea, miaka ishirini, hahitaji daktari kumweleza kinachomsibu.

Fundi Neferabu aliacha jiwe la toba linalohifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Uingereza, akikiri kwamba aliapa uongo kwa jina la mungu Ptah, na mungu akamfanya aone giza mchana. Wako wanaosema hilo ni fumbo la kukosa radhi za mungu. Wako wanaosema ni upofu hasa. Katika kijiji cha watu waliopata mkate wao kwa macho, sioni kama tofauti ilikuwa kubwa.

Na walichokuwa wakichora gizani humo kilikuwa usiku wenyewe. Kuta za kaburi la Thutmose III, aliyefariki takriban mwaka 1425 KK, zimejaa kitabu kinachoitwa Amduat, kinachosimulia safari ya mungu jua baada ya kuzama magharibi. Anapanda mashua na kupita kuzimu kwa saa 12, kila saa na wakazi wake, malango yake na hatari zake. Katika saa ya nne na ya tano maji yanakauka, mashua inaburutwa juu ya mchanga, na giza ni zito kiasi kwamba mungu haoni anaowasemesha; mashua inageuka nyoka, na moto utokao kinywani mwake ndio unaomulika njia. Katikati ya usiku jua linaungana na Osiris, mungu wa wafu. Saa ya saba anatokea Apophis, joka linalotaka kuizuia safari. Saa ya 12 jua linazaliwa upya kwa umbo la mbawakawa. Watu waliopewa tambi kwa hesabu walichora jua ambalo nalo, likifika kuzimu, halikuwa na mwanga wa kutosha.

Saa hizo 12 hazikuwa za kitabuni tu. Zilihesabiwa tangu giza kuingia mpaka kupambazuka, hivyo msomaji wa Tanga au Mombasa aliyezoea kuanza saa moja baada ya magharibi angeelewana na makuhani wa Thebes, Luxor ya leo, upesi kuliko mtu wa London. Tofauti ni kwamba saa zao zilirefuka usiku wa kipupwe na kufupika wakati wa joto, maana walilazimisha usiku wowote ule ugawanyike mara 12. Kwenye paa la hekalu walikaa makuhani wa saa, wakifuata makundi 36 ya nyota yaliyochomoza kwa zamu mwaka mzima. Katika makaburi ya Ramses VI, VII na IX zimo jedwali za nyota zilizochorwa na wanaume wa Deir el-Medina: mtu ameketi akimtazama mpimaji, na kwa kila saa imeandikwa nyota fulani iko wapi, juu ya sikio lake la kushoto, juu ya bega la kulia, katikati ya kifua. Mawingu, nadra huko, yalipofunika, walitumia chombo cha maji. Kilichopatikana katika hekalu la Karnak mwaka 1904, cha wakati wa farao Amenhotep III, ni ndoo ya jiwe laini lenye rangi ya maziwa, ina tundu dogo chini na safu 12 za alama ndani, moja kwa kila mwezi, kwa sababu usiku wa mwezi huu si wa mwezi ule. Maji yakipungua mpaka alama fulani, ibada fulani huanza.

Tukitoka kwenye mahekalu na makaburi, mwanga unapungua ghafla. Wiki ya mafundi ilikuwa ya siku kumi, na katika siku za kazi hawakurudi nyumbani jioni. Walilala kwenye vibanda vya mawe juu ya njia ya mlimani, kati ya kijiji na bonde, wamebanana, na mbele ya vibanda vingine vipo viti vya mawe vyenye majina ya wenyewe. Huko juu upepo wa usiku ni baridi na nge wanatoka maweni. Kikosi kilikuwa na mtu wake maalumu wa kutibu sumu ya nge, naye alilipwa nafaka na serikali kwa kazi hiyo. Wadhifa huo hauanzishwi mahali ambapo watu huumwa mara moja kwa mwaka.

Kule chini kijijini wake na watoto walibaki na usiku wao. Nyumba ilikuwa ndefu na nyembamba: chumba cha mbele chenye madhabahu, sebule yenye nguzo na vidirisha juu kabisa ukutani, chumba cha kulala, na nyuma jiko lisiloezekwa kabisa, lenye ngazi ya kupandia darini. Mwanga wa jioni ulitoka jikoni zaidi kuliko kwenye taa. Usingizi ulikuwa na hofu zake. Kibamba kimoja cha kijijini kina uganga wa kuzuia vitisho vya usiku: yafinyangwe manyoka manne ya udongo safi, kila mmoja na moto kinywani, awekwe mmoja katika kila pembe ya chumba anacholala mwanamume au mwanamke. Vinyago vya nyoka vya namna hiyo vimepatikana katika miji kadhaa ya Misri ya kale, na vingi vimevunjika. Sijui familia maskini iliweka moto wa kweli vinywani mwao au ilitosheka na maneno. Mafuta yalikuwa yale yale.

Kwa aliyekwisha kulala na kuota vibaya, palikuwa na kitabu. Karani Qenherkhepeshef, aliyefanya kazi kwa miongo kadhaa katika karne ya 13 KK na ambaye mwandiko wake ni mbovu hata wataalamu wa leo wanaugulia wakiusoma, alikuwa na mafunjo yenye orodha ya ndoto na tafsiri zake. Mtu akiota paka mkubwa, ni heri, mavuno makubwa yanakuja. Akiota anachungulia kisima kirefu, ni shari, atafungwa. Akiota kitanda chake kinawaka moto, ni shari pia, mkewe atafukuzwa. Neno la shari limeandikwa kwa wino mwekundu. Baada ya orodha kuna dawa: mkate uliolowekwa pombe pamoja na majani mabichi na manemane, mtu ajipanguse nao uso akimwomba mungu Isis, na ndoto zote mbaya zitatoka. Mkate, majani, pombe: vitu vilivyokuwa jikoni, ambavyo mtu angeweza kuvifikia kwa kupapasa bila kuwasha chochote.

Hofu nyingine zilikuwa na majina ya watu. Karibu na mwaka 1200 KK kijiji kilikuwa na nyapara aitwaye Paneb, na mafunjo ya mashtaka dhidi yake, yaliyoandikwa na adui yake Amennakht na kupelekwa kwa waziri mkuu, yamo London. Ni mashtaka ya mtu mwenye chuki, kwa hiyo yasomwe kwa tahadhari, lakini yanatuonyesha kichochoro cha Deir el-Medina baada ya jua kuzama vizuri kuliko maandishi mengine yoyote. Paneb alimkimbiza nyapara Neferhotep, mtu aliyemlea. Neferhotep akajifungia ndani. Paneb akachukua jiwe akavunja mlango. Ikabidi watu wawekwe kumlinda mzee, kwa sababu Paneb alikuwa ametamka kwamba atamuua usiku. Usiku huo huo akawapiga watu tisa. Nyumba 68, ukuta mmoja, kichochoro cha upana wa hatua chache, na bila taa ya barabarani: kila mtu alisikia, hakuna aliyeona vizuri, na ushahidi ukabaki wa sauti.

Wenye uwezo walijinunulia mwanga hata wa baada ya kufa. Gavana wa Asyut, Djefaihapi, aliyetumikia chini ya Senusret I takriban karne ya 20 KK, alifunga mikataba kumi na makuhani wa mji wake na kuiandika ukutani mwa kaburi lake. Sehemu yake inahusu tambi. Mtunza mavazi wa hekalu atampa kuhani wa kaburi tambi za kuwasha mbele ya sanamu ya marehemu katika mkesha wa mwaka mpya, siku ya mwaka mpya, na sikukuu ya wafu. Naye kwa malipo anapewa kipande cha shamba. Kipande kizima cha shamba kwa ajili ya matambara ya siku tatu za mwaka, milele. Farao Tutankhamun alizikwa na taa ya jiwe jeupe lenye kuta mbili nyembamba. Mchana haina picha yoyote, ila ukiiwasha inatokea sura ya mfalme na malkia wake, imechorwa katikati ya kuta hizo. Howard Carter, aliyelifungua kaburi lake, alikuta humo pia taa za shaba zenye mikono kama ya binadamu, moja bado ina utambi wake wa kitani uliosokotwa. Mfanano wake na ule wa mafundi ni mkubwa. Kitani ni kitani.

Mafuta yalipoanza kukosekana, kijiji kilijua kabla ya ikulu. Katika mwaka wa 29 wa Ramses III, takriban 1157 KK, mgao ulichelewa siku nyingi. Mafundi walizivuka kuta za ulinzi wa makaburi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu na kukataa kurudi kazini, mgomo wa kwanza unaojulikana katika historia. Karani Amennakht, jina sawa na yule mshtaki lakini mtu mwingine, aliyaandika madai yao: wamefika kwa sababu ya njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki, hawana mboga. Walilipwa, wakagoma tena, wakalipwa nusu. Katika miongo iliyofuata bei ya nafaka ilipanda na Walibya walianza kuonekana jangwani, siku nyingine kazi ikasimama kwa kuwaogopa.

Hapo ndipo giza la makaburini lilipopata wateja wapya. Katika mwaka wa 16 wa Ramses IX, takriban mwaka 1110 KK, mwashi wa hekalu la Amun aitwaye Amenpanufer alikamatwa na kuhojiwa kwa kupigwa. Alisimulia jinsi yeye na wenzake saba walivyoingia kaburi la mfalme wa kale Sobekemsaf. Walitoboa kwa vyombo vyao vya shaba, wakawasha mienge, wakashuka na mwanga mikononi. Wakamkuta mfalme amelala, dhahabu shingoni na barakoa ya dhahabu usoni. Wakaichukua, na ya malkia Nubkhaas aliyekuwa kando yake, kisha wakatia moto majeneza ili kupata dhahabu iliyobandikwa juu ya mbao. Jumla ilikuwa deben 160 kwa watu wanane, deben 20 kila mmoja, karibu kilo 1.8. Wakavuka mto kurudi mjini. Siku chache baadaye Amenpanufer alikamatwa kwa mara ya kwanza. Akampa karani wa mtaa aitwaye Khaemope mgao wake wote, akaachiwa. Akarudi kwa wenzake, nao wakamgawia upya ili asiwe na hasara. Akaongeza kwamba wengi wa mjini wanafanya hivyo hivyo.

Tume ikatumwa kukagua makaburi ya wafalme. Iliyakagua kumi, ikaripoti kwamba tisa yalikuwa mazima na moja tu, la Sobekemsaf, limevunjwa. Meya wa upande wa mashariki, Paser, ambaye ndiye aliyechochea uchunguzi, alifedheheka, na watu wa makaburini wakavuka mto kwa shangwe na kumzunguka jioni ile mbele ya nyumba yake. Akawaambia kwamba bado ana mashtaka mengine. Mwaka uliofuata, kaburi la malkia Isis katika Bonde la Malkia lilikutwa limebomolewa, na mali iliyoporwa ikapatikana mikononi mwa watu wanane. Wote walikuwa mafundi wa kikosi cha kaburi, na majina yao yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwenye daftari la karani.